Springi Anaeleza Kazi Yake

Wanangu, sogeeni kando ya barabara. Mnaliona lile lori linaloshuka Mlima Magara? Limejaa vitunguu saumu kutoka Mbulu. Tairi limeingia shimoni. Gubu! Limetoka, na magunia yametikisika kidogo tu.

"Mjomba, mbona halikuvunjika?"

Swali zuri sana hilo! Ufundi huanzia hapo hapo. Hebu tumsikilize aliye chini ya lori.

"Mimi ni Springi bapa," anasema. "Mmeuona upinde wa Wahadzabe wa Yaeda Chini? Ukiuvuta unapinda, ukiuachia unarudi. Nami ni pinde za chuma zilizobebana, ya juu ndefu, ya chini fupi. Shimo likija, napinda. Shimo likipita, narudi."

"Magari ya zamani nayo yalikuwa na springi?"

Naam! Hata magari ya kukokotwa na farasi yalikuwa nazo. Mwaka 1908, huko Marekani, ilitoka Ford Model T. Ilikuwa na springi mbili tu, moja mbele na moja nyuma, kila moja imelazwa kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia. Gurudumu moja likipanda jiwe, lenzake linabaki chini, na safari inaendelea. Ila kwenye kona gari liliinama.

Mwaka 1922 Waitalia wakaleta Lancia Lambda. Kila gurudumu la mbele likapata springi yake, ya koili, yaani waya mnene uliozungushwa, ndani ya bomba. Shimo la kushoto halikulisumbua tena gurudumu la kulia.

Mwaka 1948 Waingereza wakaleta Land Rover, gari ambalo wazee wetu wanalijua vizuri. Hilo lilikuwa na springi bapa nne, moja kwa kila gurudumu, zimelazwa kwa urefu wa gari. Ilipofika 1983, Land Rover mpya, One Ten, ikatoka na koili.

"Basi, Mjomba, ipi bora?"

Umeuliza kiutu uzima! Koili ni laini, abiria anastarehe. Lakini hupenda kurukaruka, kwa hiyo inahitaji shokapu ya kuituliza. Tena inahitaji vyuma vingine vya kushika ekseli, yaani mhimili wa magurudumu.

"Mimi ni mgumu," anasema Springi bapa, "lakini ekseli naishika mwenyewe. Vipande vyangu vinasuguana, na msuguano huo unanituliza. Kimoja kikikatika, fundi wa Katesh anakitoa na kuweka kingine."

Ndiyo maana gari dogo la abiria huchagua koili, na lori la mizigo huchagua springi bapa. Mzigo na barabara ndivyo vinavyoamua.

Mkiona lori limeegeshwa, mwombeni dereva ruhusa. Msiingie uvunguni. Inameni pembeni, mhesabu vipande vya springi, kisha mniletee swali jingine.