Hema la Kwanza la Familia: Lizuie Mvua, Lisizuie Pumzi

Kwa watu wengi wa Uganda, hema halikuanza kuwa kitu cha starehe. Lilijulikana kwanza kuwa makao ya askari walio safarini, kivuli cha wageni waliohudhuria arusi au matanga, na makazi ya muda ya mkimbizi aliyevuka mpaka na mzigo wake kichwani. Siku hizi, hata hivyo, zipo familia za mijini zinazolinunua kwa hiari yao, ili baba, mama na watoto wapate kulala usiku mmoja au miwili mbali na kelele za mji: kando ya Ziwa Bunyonyi karibu na Kabale, karibu na maporomoko ya Sipi katika miteremko ya Mlima Elgon, katika visiwa vya Ssese ndani ya Ziwa Viktoria, au katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo iliyoanzishwa mwaka 1983.

Mapumziko ya namna hii yana faida nyingi, na gharama yake ni nafuu kuliko vyumba vya hoteli kwa watu watano. Lakini hema ni nyumba, ingawa ni ya nguo, na nyumba hainunuliwi kwa kutazama rangi yake. Hema jema hutimiza mambo mawili kwa pamoja: huzuia maji ya nje yasiingie, na huruhusu hewa ya ndani itoke. Lililotimiza la kwanza peke yake huwalowanisha wenyewe kwa pumzi zao; lililotimiza la pili peke yake huwalowanisha kwa mvua. Aliyelielewa jambo hili hatadanganyika kwa urahisi dukani.

Hesabu ya watu

Jambo la kwanza linaloonekana juu ya mfuko wa hema ni idadi ya watu. "Mama, hili ni la watu wanne," husema mwenye duka, naye mama mwenye mume na watoto wawili huona kwamba hesabu imekamilika. Yafaa ajue jinsi hesabu hiyo inavyofanywa. Kwa kawaida kila mtu hupimiwa nafasi ya upana wa sentimeta 60 hivi, yaani nafasi ya mkeka mwembamba wa msafiri, watu wakilala bega kwa bega. Mizigo, viatu, na mtoto anayegeukageuka usingizini havimo katika hesabu hiyo.

Tena familia nyingi husafiri na magodoro ya sponji kutoka nyumbani. Godoro la futi 3 lina upana wa sentimeta 90 na zaidi kidogo. Magodoro mawili yakilazwa pamoja huchukua zaidi ya sentimeta 180, na hema linaloitwa la watu wanne, ambalo sakafu yake aghalabu ina upana wa sentimeta 240 hivi, hubakiwa na kijia chembamba tu. Kwa hiyo familia ya watu wanne haina budi kutafuta hema la watu sita, na familia ya watano au sita iangalie hema lenye vyumba viwili, au mahema mawili madogo.

Shauri hili la mahema mawili linaafikiana pia na desturi. Watoto waliokwisha kupevuka hawalali chumba kimoja na wazazi wao, wala wavulana na wasichana wakubwa hawachanganywi. Na ikiwa bibi mzaa mama amefuatana na wajukuu, mila ya Waganda humtaka mkwe wa kiume ajitenge naye kwa heshima. Mambo kama haya huamuliwa nyumbani kabla ya fedha kutolewa, kwani usiku ukiwa umeingia na hema ni moja, hakuna wa kuyaamua bila aibu.

Paa mbili

Katika sehemu kubwa ya kusini mwa Uganda mvua zina majira mawili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, lakini karibu na maziwa na milima manyunyu hayangoji majira. Hema la kuaminiwa huwa na tabaka mbili: hema la ndani, ambalo watu hulala, na paa la nje linalopokea mvua. Kati ya tabaka hizo lazima pawe na nafasi. Zikigusana, maji hupenya kwa urahisi mahali zilipogusana. Paa la nje nalo lishuke hadi karibu na ardhi pande zote. Paa fupi linalofunika kilele tu, mfano wa kofia, halifai kwa mvua inayosukumwa na upepo.

Uwezo wa nguo kuzuia maji hupimwa kwa milimita. Maana yake ni urefu wa nguzo ya maji ambayo nguo inaweza kuihimili kabla ya tone la kwanza kupenya. Paa lenye milimita 1,500 huhesabiwa kuwa lazuia mvua. Sakafu hutakiwa izidi hapo, yapata milimita 3,000 au zaidi, kwa sababu magoti na viwiko vya watu huikandamiza juu ya ardhi iliyolowa. Sakafu bora huinuka kandokando kama beseni, ili maji yanayotiririka yasipate mlango.

Mishono ndiyo mahali pa kutazamwa kwa makini zaidi. Kila tundu la sindano ni njia ya maji. Mnunuzi aligeuze paa la nje na kuangalia kama mishono imefunikwa kwa utepe uliobandikwa barabara kutoka mwanzo hadi mwisho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa hema ni mshono.

Pumzi na mbu

Mtu aliyelala hutoa karibu glasi nzima ya maji kwa usiku mmoja, kwa pumzi na kwa ngozi yake. Watu watano ni glasi tano. Mvuke huo ukikosa njia hupanda, hugusa paa lililopoa, kisha hugeuka matone na kuwarudia waliolala. Asubuhi blanketi huwa zimelowa, na lawama huangushiwa hema kwamba linavuja, kumbe halikuvuja.

Kwa sababu hiyo hema lifunguliwe dukani na madirisha yake yahesabiwe. Yafaa yawe walau mawili yanayoelekeana, pamoja na matundu ya hewa karibu na kilele yanayoweza kubaki wazi hata wakati wa mvua. Yote yawe na wavu mwembamba usiopitisha mbu, na mlango uwe na pazia la wavu lenye zipu inayokwenda bila kukwama. Mbu wa malaria huuma usiku, na kando ya maziwa wanapatikana kwa wingi. Zipu ifungwe kabla ya jua kuzama, si baada ya mbu kuingia. Mahali ambapo hema halina wavu mzuri, chandarua chenye dawa kitundikwe ndani kama nyumbani.

Jiko lisiingie ndani

Hatari kubwa kuliko zote huja baada ya chakula cha jioni. Nchi hupoa kadiri inavyoinuka, kwa kiasi cha nyuzi 6 hivi katika kila mita 1,000. Kampala iko yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Bunyonyi linakaribia mita 2,000. Kwa hiyo mtoto wa Kampala atakayelala Bunyonyi ataonja baridi asiyoizoea. Jiko la mkaa, ambalo Waganda huliita sigiri, limekwisha kuivisha chakula. Makaa ni mekundu, wala hayatoi moshi. Mtoto analalamika. Mtu mwenye nia njema anasema jiko liingizwe ndani kidogo tu, hema lipate joto.

Lisiingizwe. Mkaa unaowaka polepole hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuubebea mwili oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea. Aliyekwisha kulala hazioni dalili hizo, na huenda asiamke tena. Watoto wadogo na mama wajawazito wamo katika hatari zaidi.

Kuacha mlango wazi nusu hakuondoi hatari hiyo. Makaa yaliyofunikwa na majivu nayo huendelea kutoa hewa hiyo kwa muda mrefu. Kwa hiyo jiko lililodhaniwa kuwa limezimika lisiingizwe pia, wala lisiwekwe mlangoni. Jiko la gesi na la mafuta ya taa hukatazwa vivyo hivyo, na tena nguo za mahema mengi hushika moto na kuyeyuka kwa dakika chache. Mtu akionekana kulegea ndani ya hema lililokuwa na moto, atolewe nje upesi penye hewa safi na kupelekwa hospitali bila kungoja asubuhi.

Baridi ina dawa nyingine. Sehemu kubwa ya baridi hutoka ardhini, basi blanketi mojawapo itandikwe chini badala ya kurundika zote juu. Mkeka chini, godoro juu yake, nguo kavu za kulalia, soksi, kofia ya sufu, na uji wa moto kabla ya kulala vyatosha kwa watoto wengi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa huweza kuwekwa miguuni mwao.

Nguo, nguzo na mitumba

Hema la turubai la pamba hupumua vizuri na hudumu miaka mingi, lakini ni zito, na likikunjwa likiwa na unyevu huota ukungu na kuoza. Linamfaa mwenye gari. Nailoni ni nyepesi, ila hulegea inapolowa. Poliesta huistahimili zaidi miali ya jua, jambo lenye uzito katika nchi iliyo juu ya ikweta. Nguzo za nyuzi za kioo ni za bei ndogo, lakini hupasuka zikipindwa sana. Za alumini ni nyepesi na imara zaidi.

Anayetafuta hema la mtumba, iwe sokoni Owino mjini Kampala au kwingineko, alifungue lote. Ainue nguo mbele ya jua atazame matundu. Anuse: harufu kali, pamoja na nguo inayonata vidoleni, huonyesha kwamba rangi ya kuzuia maji imeoza, nayo haitengenezeki kwa gharama ndogo. Ahesabu nguzo, avute kila zipu, na asikubali kuambiwa kwamba vigingi vitapatikana baadaye. Familia ambayo haijapata kulala nje hata mara moja yafaa ianze kwa kukodi au kuazima. Usiku mmoja utawafundisha ukubwa wanaouhitaji.

Jaribio la uani

Hema jipya lisifunguliwe kwa mara ya kwanza porini. Lisimamishwe uani siku ya mapumziko, watoto wakishika kamba, mpaka kila mmoja aijue kazi yake. Kigingi hupigwa kwa kuinamishwa, kichwa chake kikielekea mbali na hema, ili kamba isiking'oe. Kisha imwagwe maji ndoo kadhaa juu ya paa na kwenye mishono, na mama aingie ndani kupapasa. Panapovuja patiwe dawa ya mishono, au hema lirudishwe dukani wakati risiti bado mpya.

Huko safarini, hema lisimame mahali palipoinuka kidogo, mbali na mkondo wa maji na matawi makavu. Turubai la kutandika chini ya sakafu likunjwe lisitokeze nje, kwani likitokeza hukinga mvua na kuiingiza chini ya hema. Katika Ziwa Mburo viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani. Hema lisikae katika njia zao. Askari wa hifadhi ndio wanaozijua, na neno lao lifuatwe. Chakula kisilale ndani ya hema, kwani tumbili na ngiri hawana simile.

Baada ya kurudi nyumbani hema lianikwe mpaka likauke kabisa, lifagiliwe, likunjwe, na kuwekwa penye kivuli pasipo na panya. Likitunzwa hivyo litawafaa watoto hao hao wakiwa wakubwa. Tahadhari kabla ya hatari: familia itakayochagua hema kwa kuijali mvua na pumzi, na kuliacha jiko nje, italala salama na kuamka ikiwa kavu, na watoto watauliza ni lini watakwenda tena.