Ufunguo wa Rimoti Ukinyamaza

Ukisimama Keroka siku ya soko na kuyahesabu magari yanayopita, utachoka kutaja Probox, Sienta, Fielder, Vitz, Note na Demio. Karibu yote yalitumika Japani kabla ya kufika kwetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha umri wa miaka 8, kwa hiyo mengi huja yakiwa na miaka 6 au 7, na ufunguo huja na umri uo huo. Mnunuzi hukagua injini, magurudumu na rangi. Ufunguo hakuna anayeukagua, mpaka siku unaponyamaza.

Siku hiyo ikifika, watu husema ufunguo umekufa. Mimi nasema tusiuzike haraka hivyo. Kwanza tujue nani aliyenyamaza, ufunguo au gari lenyewe, maana hapo ndipo pesa za watu hupotelea.

Tuna jirani, mwalimu mstaafu upande wa Nyamira, mwenye Sienta ya ule ufunguo usioingizwa popote. Ukiwa nao mfukoni, unagusa mlango unafunguka, unabonyeza kitufe injini inanguruma. Usiku mmoja wa mvua mwaka jana mkaza mwanawe alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mwalimu akabonyeza rimoti, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Ikabidi mama yule apelekwe hospitalini kwa bodaboda kwenye matope na utelezi, na tunamshukuru Mungu mtoto alizaliwa salama. Asubuhi makanika mmoja akasema, "Mwalimu, huu umekwisha. Tafuta elfu kumi na tano tuagize mwingine." Kabla ya kutoa hizo pesa mwalimu alipitia kwa fundi wa saa mjini Kisii. Fundi akaufungua, akatia betri mpya, na gari likaitika. Tena ndani ya ufunguo ule ule mlikuwa na ufunguo mwembamba wa chuma, umelala humo miaka yote bila mwenyewe kujua. Mlango ungefunguka usiku ule ule!

Tueleze basi kidude hiki kinavyofanya kazi. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1982 kampuni ya Renault ya Ufaransa ilitoa gari la Fuego lililofunguliwa kwa rimoti. Rimoti za magari ya siku hizi hutumia mawimbi ya redio, ndugu wa yale mawimbi tuliyoanza kuyasoma kidato cha pili. Ndiyo sababu ile mbinu ya kuelekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu, ili uone kama inawaka, haisaidii hapa. Ile ya televisheni ni mwanga usioonekana kwa macho, hii ni redio.

Kwa ufunguo wa mfukoni, gari ndilo huanza kuita, kwa mawimbi dhaifu yasiyofika mbali: "Nani huyo?" Ufunguo ukisikia hujibu kwa namba ya siri. Namba hiyo hubadilika kila mara, hivyo mwizi akiinasa leo haimfai kesho. Ni kama wanafunzi wawili wenye vitabu sawa, wanaofungua kurasa kwa pamoja. Sasa mtoto akichezea kitufe siku nzima jikoni, mbali na gari, ufunguo hufungua kurasa nyingi mbele na gari likaachwa nyuma. Hapo betri haina kosa. Katika magari mengi, kubonyeza mara mbili mfululizo ukiwa karibu, au kuliwasha gari kwa ufunguo huo, hupatanisha wawili hao.

Tuje kwenye upimaji. Rimoti nyingi zina taa ndogo inayomulika ukibonyeza. Isipomulika kabisa au ikiwa hafifu, shuku betri ya ufunguo. Ikimulika vizuri na gari halijali, jaribu ufunguo wa pili kama upo. Huo ukifanya kazi, basi ule wa kwanza ndio wenye shida. Funguo zote mbili zikinyamaza, shuku gari. Toa ule ufunguo wa chuma (kuna kibanio kidogo pembeni, kisukume), fungua mlango wa dereva, kisha tazama taa ya ndani na upige honi. Kama honi inakoroma kama chura, betri kubwa chini ya boneti ndiyo imeisha, na rimoti inasingiziwa bure. Usishtuke king'ora kikilia ulipofungua kwa chuma. Gari linadhani wewe ni mwizi. Hunyamaza likishawashwa.

Na kuliwasha je, ikiwa betri ya ufunguo imeisha? Hapa ndipo patamu. Ndani ya ufunguo mna chipu isiyotumia betri. Gari lenyewe huirushia nguvu kidogo kupitia koili, jambo ambalo tutalisoma kidato cha nne. Kwa Toyota za kitufe, kanyaga breki, gusisha upande wa ufunguo wenye nembo kwenye kitufe cha kuwasha, ukisikia mlio, bonyeza. Gari litawaka. Wenye Probox za ufunguo wa kuzungusha wanaweza kutucheka, kwao chuma ni kile kile cha kila siku.

Pengine ufunguo hufanya kazi nyumbani na kugoma mahali fulani tu. Hapo angalia kama uko karibu na mlingoti wa redio au wa simu. Tenga ufunguo na simu yako, na sarafu, uusogeze karibu kabisa na mlango. Kishikio cha jiwe la sabuni la Tabaka hakina neno, si chuma. Lakini kuna wezi wenye mashine ya kuziba mawimbi, wanaokuacha ubonyeze na kuondoka ukidhani umefunga. Vuta mlango kwa mkono kila mara kabla hujaenda sokoni.

Kuhusu betri, usinunue kwa kukisia. Soma namba iliyo juu yake. CR2032 maana yake upana milimita 20 na unene milimita 3.2. CR1632 ina upana wa milimita 16. CR2025 ina upana sawa na ya kwanza lakini ni nyembamba, kwa hivyo ukiitia mahali pa 2032 italegea. Zote ni za volti 3. Tia upande wa chanya ulivyokuwa, na kama rimoti ilinyeshewa, ikaushe na ufute kutu kwanza. Wazee wetu hupenda kuweka ufunguo juu ya televisheni au kando ya chaja ya simu. Uondoeni hapo, kwa sababu mawimbi ya vyombo hivyo huufanya ufunguo ukeshe ukisikiliza, na betri huisha upesi.

Betri mpya isiposaidia, hapo ndipo utafute fundi mwenye kompyuta ya kusajili funguo. Ukiuziwa rimoti iliyotumika, uliza ilitoka gari la nchi gani. Za Japani huwa kwenye megahezi 312 hadi 315, na za Uingereza mara nyingi ni 433. Zinafanana kwa umbo kama mapacha, ila hazisikilizani kamwe.

Ile betri kuukuu nayo usiiache mezani. Mtoto akiimeza, inaweza kumchoma koo vibaya ndani ya saa 2 tu, hata kama ilishindwa kufungua gari. Msimtapishe. Mkimbizeni hospitalini saa hiyo hiyo, mwende na pakiti yake daktari aone namba.