Nyuki, Mzinga na Nzi: Mahusiano ya Maana katika Ubongo wa Mtoto

"Nyuki, mzinga, nzi. Chagua maneno mawili yanayohusiana." Mwalimu atungaye zoezi kama hili hutarajia nyuki na nzi, kwa kuwa wote ni wadudu. Lakini huko Inyonga, mashariki ya Mpanda, ambako mizinga hutundikwa mitini na asali ni riziki ya watu, mtoto aweza kuunganisha nyuki na mzinga. Je, awekewe alama ya kosa?

Ubongo hautunzi maneno kama kamusi, kwa kufuata herufi. Mwaka 1971 wataalamu wa Marekani, David Meyer na Roger Schvaneveldt, waliwaonyesha watu jozi za maneno na kuwataka waamue upesi kama ni maneno ya kweli. Neno "siagi" lilitambuliwa mapema zaidi lilipotanguliwa na "mkate" kuliko lilipotanguliwa na "muuguzi". Neno likiamshwa, huamsha na jirani zake.

Jirani hao ni wa namna mbili: wa jinsi moja, kama nyuki na nzi, na wa tukio moja, kama nyuki na mzinga. Utafiti uliotolewa mwaka 2011, juu ya watu waliopatwa na kiharusi, ulionyesha kwamba namna hizi mbili hutegemea sehemu mbalimbali za ubongo wa kushoto. Walioumia ubavuni kuelekea mbele walielekea kutaja kitu cha jinsi ile ile mahali pa kile walichoonyeshwa. Walioumia nyuma zaidi, kitu cha tukio lile lile. Basi mtoto wetu amepita njia nyingine, nayo ni njia nzima. Lenye kasoro ni agizo. Lingesema, "Chagua majina mawili ya wadudu," pasingekuwa na shaka.

Neno "mzinga" lina shida yake pia. David Swinney alionyesha mwaka 1979 kwamba neno lenye maana mbili huziamsha zote mbili kwa kitambo kidogo, hata kama sentensi yataka moja tu. Kabla ya sekunde kupita, isiyofaa huachwa. Lakini haiwezi kuamka maana ambayo haijawekwa. Mtoto aujuaye mzinga wa nyuki peke yake, akisoma kwamba mwaka 1894 Wajerumani waliishambulia ngome ya Mkwawa kule Kalenga kwa mizinga, ataona nyuki wakirushwa vitani. (Wala si picha mbaya, ila si historia.)

Kwa hiyo mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha tungependa aandike "asali" katikati ya ubao, watoto wataje maneno, naye avute mstari kwa kila moja. Mmoja atasema "moshi", mwingine "sukari", na wa tatu, mtoto wa wafugaji, huenda akasema "maziwa". Kabla ya kufuta lolote, amwulize aliyelitaja: "Kwa nini?"