Kabla Kikundi Hakijanunua Maiki ya Kurekodia

Siku hizi karibu kila kikundi kina kwaya, na kila kwaya inataka kurekodi nyimbo zake. Zamani ilikuwa ni kuchanga nauli hadi River Road kule Nairobi, kulipia studio kwa saa, na kurudi nyumbani na kaseti moja. Leo mtu mwenye kompyuta na chumba kilichotulia anaweza kurekodi sauti nyumbani kwake, na atakayesikiliza asijue kwamba ilirekodiwa sebuleni. Basi vikundi vinauliza: tununue maiki gani ya bei nafuu?

Nitaanza na kosa letu wenyewe, kwa sababu lilitugharimu. Kikundi chetu kilitenga shilingi 6,500 kutoka kwa mauzo ya mayai. Tukaenda mjini, tukaonyeshwa maiki nene ya kung'aa, na mwenye duka akatuambia, "Hii ni ya studio, akina mama." Tukalipa. Kufika nyumbani tukaichomeka kwenye amplifaya yetu. Kimya. Tukanunua waya mwingine. Kimya. Tulipoirudisha tukaambiwa kifurushi kimeshafunguliwa na pesa hazirudi. Kwa wiki tatu mweka hazina hakuwa na amani, maana kuna waliosema ameuziwa kitu kibovu kwa kujua.

Halafu akaja kijana mmoja fundi na kisanduku kidogo chenye kibonyezo kilichoandikwa 48V. Alipokibonyeza tu, tulisikia hata kuku wakiparua nje. Maiki ilikuwa nzima kabisa. Sisi ndio tuliinunua bila kuuliza inakula nini.

Na bado hatukuwa tumemaliza. Siku hiyo tuliimba mchana kutwa tukiielekea kichwani, kama tunavyoshika maiki ya mkutano, na sauti ikatoka kana kwamba tuko ndani ya chungu. Kumbe maiki nyingi za aina hiyo husikia kwa ubavuni, upande ule wenye nembo ya kampuni au alama ndogo. Unaisimamisha wima, kisha unaiimbia ubavu wake.

Kondensa ni kitu gani?

Kuna aina mbili ambazo kikundi kitakutana nazo dukani. Ya kwanza ni dainamiki, ile ya kushika mkononi inayotumika mikutanoni. Ndani yake mna koili ya waya na sumaku. Sauti ikiitikisa koili, umeme mdogo unazaliwa hapo hapo, kwa hivyo haihitaji kupewa stima. Shure SM58, ambayo watu wengi wameiona hata kama hawaijui kwa jina, ni ya aina hii na imekuwa sokoni tangu 1966.

Ya pili ndiyo kondensa. Hii ina utando mwembamba mno uliopakwa madini, mara nyingi dhahabu, na nyuma yake, karibu sana lakini bila kugusana, kuna kibamba cha chuma. Viwili hivyo huwa na chaji ya umeme. Sauti ikigonga utando, nafasi kati yao hupungua na kuongezeka, na umeme hubadilika kwa kuifuata sauti. Mabadiliko hayo ni madogo sana, kwa hivyo ndani ya maiki huwekwa amplifaya ndogo ya kuyakuza, na hiyo ndiyo inayotaka stima. Mmarekani E. C. Wente aliitengeneza ya kwanza mwaka wa 1916. Mwaka wa 1962 Gerhard Sessler na James West walipata njia ya kuifanya chaji ikae ndani ya utando wenyewe bila kuisha, na hapo ndipo maiki za kondensa zikaweza kuwa ndogo na rahisi. Zile redio kaseti zetu nyingi zilikuwa nayo ndani, kile kitundu kidogo pembeni. Hata simu yako inasikia kwa njia hiyo hiyo ya kondensa.

Kwa kuwa utando ni mwepesi, kondensa hunasa pumzi, ulimi, na ule utamu wa juu wa sauti ya mwimbaji. Lakini haichagui. Itanasa pia mbuzi, pikipiki barabarani na sufuria jikoni. Msiione dainamiki kuwa kitu cha maskini: sauti ya Michael Jackson katika albamu ya Thriller ya 1982 ilirekodiwa kwa dainamiki, Shure SM7. Kama nyumba yenu iko sokoni kando ya posho mill, mimi ningenunua dainamiki bila kusita.

Bei ya kweli si ya maiki peke yake

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama. Kondensa ya kawaida ina tundu la pini tatu, liitwalo XLR, na inataka volti 48 zinazopitia waya ule ule wa sauti. Volti hizo hutoka kwa miksa yenye kibonyezo cha 48V au "phantom", au kwa saundi kadi ya nje, kile kisanduku kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Simu haitoi volti hizo, redio haitoi, na amplifaya nyingi za mikutano hazitoi. Kabla ya kununua chochote, angalieni miksa mliyo nayo. Mkikuta kibonyezo hicho, mmeokoa pesa.

Kwa hivyo hesabu ya mweka hazina iwe hivi: maiki, saundi kadi, waya wa XLR, stendi, na hedifoni za kufunika masikio. Behringer UM2 na Focusrite Scarlett Solo ni saundi kadi za bei ya chini zinazotoa 48V, lakini kila moja ina tundu moja tu la maiki. Mkitaka maiki mbili kwa wakati mmoja, tafuteni yenye matundu mawili, kama Scarlett 2i2. Maoni yangu ni kwamba msibane pesa kwenye saundi kadi ili mpate maiki ya kujivunia. Maiki mtabadilisha, kisanduku kitabaki.

Kuna pia kondensa za USB, ambazo hupata stima kutoka kwa kompyuta yenyewe na hazihitaji kisanduku. Kwa mtu mmoja anayeimba peke yake au kusoma habari, hiyo ndiyo njia nafuu kuliko zote. Ubaya wake ni kwamba haiingii kwenye miksa, na kutumia mbili pamoja kwenye kompyuta moja ni taabu.

Halafu kuna zile zinazoitwa BM-800, zinazouzwa kwa majina mengi na bei ya chini kabisa. Mara nyingi huja na waya mwembamba wa kuchomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kompyuta. Hapo hupata volti chache tu, na sauti hutoka hafifu yenye mvumo. Zikipewa 48V hupata nafuu kubwa. Si za kutupwa, ila muuzaji akisema haihitaji kitu kingine, msimwamini.

Mkiwa na uwezo zaidi kidogo, Audio-Technica AT2020 ni chaguo linalojulikana sana. Marekani huuzwa kwa karibu dola 100, yaani zaidi ya shilingi 12,000 kabla ya usafiri na ushuru. Rode NT1-A ni karibu mara mbili ya hiyo. Sifa kubwa ya NT1-A ni utulivu: mvumo wake wenyewe ni desibeli 5, na AT2020 ni 20. Je, tofauti hiyo mtaisikia? Katika studio iliyojengwa kwa kazi hiyo, ndiyo. Katika nyumba ya kawaida, chumba chenyewe kikiwa kimya huwa na desibeli 30 hivi, basi mvumo wa chumba utaumeza ule wa maiki. Mimi singelipa mara mbili kwa ajili hiyo.

Kwenye karatasi ya maiki msihangaike na zile namba za 20 hadi 20,000, kwani karibu kila kampuni huziandika. Tafuteni mchoro unaofanana na moyo. Maana yake maiki husikia mbele na kuziba masikio nyuma, na ndiyo inayofaa nyumbani. Angalieni pia sauti kubwa inayoweza kustahimili. AT2020 hustahimili desibeli 144, kwa hivyo hata vigelegele havitaishinda. Hata hivyo mwenye vigelegele asogee nyuma hatua mbili, maana saundi kadi nayo ina kikomo chake.

Chumba

Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia mlio unaofuata, maiki nayo itausikia katika kila neno la wimbo. Kuta za simiti na mabati yasiyo na dari ni mabaya. Nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi mara nyingi ni bora kuliko ya mawe, jambo ambalo wenye nyumba za mawe hawapendi kulisikia. Tundikeni blanketi nzito nyuma ya mwimbaji, kwa sababu maiki inamtazama yeye na kila kilicho mgongoni mwake. Simamisheni magodoro ukutani. Mgongo wa maiki uelekee dirishani. Chumba chenye kabati la nguo na kitanda hushinda sebule tupu. Mvua ikianza juu ya mabati, pikeni chai.

Mwimbaji mmoja asimame shibiri moja kutoka kwa maiki. Herufi P na B hutoa pumzi inayogonga utando kama ngumi, kwa hivyo kunjeni waya wa hanga uwe duara, mvishe stokingi ya nailoni, na muiweke kati ya mdomo na maiki. Kwaya nzima mbele ya maiki moja isimame nusu duara, mita moja na nusu hadi mbili, wenye sauti kali nyuma. Lakini kadiri mnavyosogea mbali ndivyo chumba kinavyozidi kusikika. Sisi tuliona ni afadhali kurekodi sauti moja moja: soprano watatu, kisha alto watatu, hivyo hivyo hadi besi, kila kundi likisikiliza waliotangulia kwa hedifoni. Programu ya Audacity hufanya kazi hiyo na haina malipo. Mkisikia mngurumo wa stima, chomoeni chaja na muitumie laptopu kwa betri.

Dukani

Nendeni watu wawili, mkibeba laptopu, saundi kadi na hedifoni zenu. Luthuli Avenue na miji mingine mna maduka mengi, na mwenye bidhaa nzuri hatakataa ijaribiwe. Chomekeni waya kwanza, ndipo muwashe 48V. Rekodini kimya cha nusu dakika, kisha mmoja aizunguke maiki akihesabu kwa sauti ile ile. Akifika nyuma, sauti ishuke waziwazi. Isiposhuka, ule moyo kwenye karatasi ni picha tu. Tikiseni waya pale unapoingia, na mkisikia mikwaruzo muombe nyingine. Mkiona jina kubwa kwa bei ya chini mno kuliko maduka jirani, ulizeni kwa nini. Masharti ya kurudisha yaandikwe kwenye risiti, na risiti iwe kwa jina la kikundi. Laiti tungefanya hivyo!

Kondensa haipendi unyevu, vumbi wala kuangushwa. Zimeni 48V kabla ya kuchomoa waya. Kwa sababu ya unyevu, kondensa iliyotumika sehemu za Pwani au kando ya ziwa ijaribiwe mara mbili kabla ya kulipiwa. Yetu hukaa kwa katibu ndani ya sanduku lake, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Watu huja kuiazima kwa matanga na harusi. Kwa shughuli hizo tunawapa dainamiki, na wanatia sahihi kwenye daftari.