RUHUSA YA PEKEE KATIKA MATUMIZI YA ARDHI: MAANA YAKE NA MIPAKA YAKE

Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 476,111 katika Unguja na Pemba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773, na kati yao 893,169 walikuwa wakaazi wa Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake. Watu wameongezeka takriban mara nne, lakini visiwa havikuongezeka hata pima moja. Matokeo yake ni kwamba kiwanja kimoja hutakiwa na watu wengi na kwa mambo mengi: huyu anataka nyumba ya kuishi, yule duka, mwengine nyumba ya wageni, na umma nao unahitaji njia, skuli, mtaro wa maji ya mvua na uwanja wa watoto kuchezea.

Kazi ya kupatanisha mahitaji hayo ndiyo inayoitwa mipango ya matumizi ya ardhi. Katika kazi hiyo hakuna jambo linalozusha manung'uniko mengi kuliko ruhusa ya pekee, yaani idhini anayopewa mtu mmoja kufanya jambo ambalo masharti ya mpango hayakuliruhusu. Wapo wanaodhani kuwa ruhusa hiyo ni fadhila ya ofisa, na wapo wanaodhani kuwa ni haki ya kila anayeiomba. Dhana zote mbili si sahihi.

MPANGO, HATI NA KIBALI

Kuupangia mji wa Zanzibar si jambo geni. Mpango wa kwanza ulitayarishwa na Lanchester mwaka 1923. Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji, Sura ya 85, ilitungwa mwaka 1955, na mpango wa Kendall ukafuata mwaka 1958. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wataalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki walitayarisha mpango wa mwaka 1968, na wataalamu wa Kichina wakatayarisha ule wa mwaka 1982.

Kwa kawaida mpango huugawa mji katika maeneo na kulipa kila eneo matumizi yake: makaazi, biashara, viwanda, kilimo, huduma za jamii au hifadhi. Aidha, huweka masharti ya ujenzi, kama vile urefu wa jengo, umbali wake kutoka njiani na kwa jirani, na sehemu ya kiwanja inayobakishwa wazi.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992, ardhi ni mali ya umma, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Hati ya haki hiyo inaeleza nani atumie kiwanja. Haimruhusu mwenyewe kukifanyia lolote analotaka. Kibali cha ujenzi ndicho kinachoeleza nini kijengwe na kwa namna gani. Mwenye hati asiye na kibali ni mfano wa mwenye chombo asiye na ruhusa ya kutia nanga bandarini: chombo ni chake, lakini bandari ni ya wote.

Kubadilisha matumizi nako kunahitaji idhini, hata kama ukuta hauguswi. Nyumba ya familia moja ikifanywa nyumba ya wageni, maji yanayotumika huongezeka, maji machafu na taka huzidi, magari huja usiku, na faragha ya majirani hupungua. Jengo ni lile lile, lakini mzigo wake juu ya mtaa si ule ule.

KWA NINI IKAWEPO RUHUSA YA PEKEE

Hakuna mpango unaoweza kuona kila pembe ya kila kiwanja. Ndiyo maana jiji la New York, lilipotunga kanuni zake za matumizi ya ardhi mwaka 1916, liliunda pia bodi ya kusikiliza rufaa na kulegeza masharti pale yanapomtia mtu katika uzito usio wa lazima. Utaratibu wa namna hiyo umeenea katika miji mingi ya dunia.

Tuchukue mfano. Masharti yanataka jengo liwe mita kadhaa kutoka njiani. Kiwanja kimoja kimekatwa mshazari na mtaro wa zamani, hata mwenyewe akifuata sharti habakiwi na nafasi ya vyumba viwili. Mtu huyu ana hoja, kwa sababu tatizo limo katika ardhi yenyewe na si yeye aliyelileta. Jirani yake mwenye kiwanja kilichonyooka, anayeomba ghorofa ya ziada ili apate kodi kubwa zaidi, hana hoja ya aina hiyo. Haja ya fedha haipungui kwa mtu yeyote, na lau ingekuwa sababu ya kutosha, pasingebaki sharti hata moja.

Kwa hivyo, anayeamua maombi ya namna hii hana budi kujiuliza mambo manne. Kwanza, je, uzito umetokana na kiwanja au na matakwa ya mwombaji? Pili, je, kinachoombwa ni kiasi kidogo kabisa cha kuondoa uzito huo? Tatu, je, jirani atapoteza hewa, mwangaza, njia au faragha? Nne, je, kama wenzake kumi wa mtaa ule wataomba vivyo hivyo, mtaa utabaki kuwa mtaa?

Suali la nne ndilo zito kuliko yote. Ruhusa hupewa mtu, lakini hukaa juu ya ardhi. Mwombaji atauza au atafariki, na ofisa aliyetia saini atastaafu, lakini jengo litabaki miaka mia. Tena, kila ruhusa hugeuka kuwa hoja ya mwombaji anayefuata.

FUNZO LA MJI MKONGWE

Haja ya uangalifu huonekana zaidi katika Mji Mkongwe, ambako nyumba zimeshikana, njia ni nyembamba, na madirisha tangu zamani yalipangwa kwa kuheshimu ua wa jirani. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Mpango wa uhifadhi uliotayarishwa katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan uliweka masharti ya majengo na maeneo ya wazi. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Pamoja na hadhi hiyo, ulizuka mjadala mkubwa juu ya ujenzi wa hoteli katika eneo la Mambo Msiige, ufukweni Shangani, iliyofunguliwa mwaka 2015. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa na urefu wa jengo jipya lililounganishwa na lile la kihistoria. Mradi ulileta ajira na mapato, na hilo si dogo. Hata hivyo, jengo likishasimama, mazungumzo yaliyobaki huwa ya kupunguza athari tu. Wakati wa kupima faida na hasara ni pale michoro inapokuwa bado mezani.

WAJIBU WA KILA UPANDE

Mwombaji anatakiwa kuwasilisha michoro ya kweli na kusubiri jibu kabla ya kuchimba msingi. Mtindo wa kujenga kwanza na kuomba baadaye humtia hasara mwenyewe anapotakiwa kubomoa, na huwavunja moyo waliofuata sheria. Kwa miradi mikubwa, ipo pia tathmini ya athari za kimazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015.

Jirani naye aseme mapema, kwa maandishi, na aseme juu ya athari, si juu ya mtu. Malalamiko ya chuki hayamsaidii mwamuzi. Maelezo kwamba ukuta utaziba mkondo wa maji ya masika humsaidia sana. Sheha, kwa kuwa anaijua shehia yake, asaidie kuhakikisha kuwa wanaoguswa wamepata habari.

Ama mtumishi wa umma, kinga yake ni kuandika sababu. Uamuzi wenye sababu zilizoandikwa, uwe wa kukubali au kukataa, unaweza kutetewa mbele ya mkuu wa kazi, mbele ya mahkama na mbele ya mwombaji wa kesho. Uamuzi usio na sababu huacha mlango wa kudhaniwa kuwa umenunuliwa, hata kama haukununuliwa.

Wananchi wanakumbushwa kufika katika ofisi inayohusika na vibali vya ujenzi, na kwa Mji Mkongwe katika Mamlaka iliyotajwa, kabla ya kuanza ujenzi au kubadilisha matumizi ya jengo. Ushauri unaopatikana kabla ya msingi kuchimbwa ni rahisi kuliko ubomoaji wa ghorofa ya pili.