Ukitafuta gari Timau, usiuziwe mbuzi kwenye gunia

KUUZIWA mbuzi kwenye gunia si jambo geni kwa mtu yeyote aliyewahi kwenda sokoni. Lakini mbuzi huyo anapokuwa pikapu ya laki kadhaa, iliyonunuliwa kwa pesa za viazi za misimu mitatu, hasara huingia hadi ndani ya nyumba. Karo hukwama, mkopo wa chama hukosa wa kuulipa, na mume na mke hulala wakipeana mgongo.

Huku Timau, kwenye miinuko ya kaskazini mwa Mlima Kenya, gari si anasa. Viazi havijibebi hadi Nanyuki wala Meru mjini. Magari mengi yanayouzwa yalitumika kwanza Japani kabla ya kuteremshwa Mombasa, na kanuni ya ubora ya KS 1515 hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hiyo ni bandarini. Likishapita mikono mitatu humu nchini, historia yake hubaki kinywani mwa broka.

Na broka ana maneno matamu. "Lilikuwa la mwalimu, alikuwa akiliendesha kwenda kanisani tu." Asubuhi ya Timau ni baridi kali, kwa hivyo muuzaji mjanja huwasha injini alfajiri kabla hujafika, maana injini iliyochoka husumbua kuwaka ikiwa baridi. Weka kiganja kwenye boneti kabla hata salamu hazijaisha! Mwingine hutia oili nzito ili kunyamazisha makelele, au hurudisha nyuma mita ya kilomita. Ukiona mita inasema kilomita 60,000 ilhali mpira wa kanyagio la breki umelika hadi chuma kinaonekana, amini kanyagio. Tena nenda na fundi wako mwenyewe, si yule uliyetafutiwa na broka.

Wengi hudhani kwamba ukishalipa, umelipa. Sivyo. Ni kweli kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyoanza kutumika mwaka wa 1931, humwachia mnunuzi jukumu la kufungua macho. Hata hivyo, ukimweleza mfanyabiashara wa magari kwamba unataka gari la kubeba magunia kwenye milima, nawe ukategemea ujuzi wake, huenda akawajibika likikosa kuifaa kazi hiyo. Kasoro ambayo ungeiona ulipolikagua ni shauri lako.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ilikaza kamba zaidi. Kusema kwamba bidhaa imetumika kidogo kuliko ilivyotumika hasa ni udanganyifu chini ya sheria hiyo, na mnunuzi aliyedanganywa anaweza kuvunja mapatano na kudai pesa zake, mradi asikae kimya hadi gari liwe gofu. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo hulifanya kosa la jinai jambo la kudanganya kuhusu historia ya bidhaa inayouzwa. Yale maneno "limeuzwa kama lilivyo" katika mkataba hayampi mfanyabiashara ruhusa ya kusema uongo.

Nimesema mfanyabiashara kwa makusudi. Jirani anayeuza gari lake moja si mfanyabiashara, na sheria ya 2012 haimkamati kwa urahisi. Kwake utasimamia yale aliyokuambia ukanunua kwa sababu yake, nawe itabidi uyathibitishe.

Kabla ya kutoa hata shilingi, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, uone jina la mwenyewe na iwapo benki ina dai juu yake. Aliyesajiliwa ndiye huhesabiwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, na baada ya siku 14 huruhusiwi kuliendesha barabarani bila kubadilisha jina.

Mambo yakiharibika, mahakama ya madai madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na hutakiwa kuyaamua kwa siku 60. Hulazimiki kuwa na wakili. Huko utaulizwa risiti, mkataba na jumbe za simu. Kwa hivyo broka akiapa kwamba gari halijawahi kupata ajali, mwambie aandike hivyo na kutia sahihi. Akianza kujikuna kichwa, nauli ya matatu ya kurudi Timau si kubwa.