Wachezaji wa Ligi Zetu (3): Amissi Tambwe, na Deni Letu kwa Viwanja vya Kamenge

Mazungumzo ya timu ya taifa ya Burundi kupokea wageni ikiwa ugenini yamerudi tena. Uwanja wa Intwari, ambao wengi wetu tuliuzoea kwa jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore, haukukidhi masharti ya CAF, na ndiyo maana Novemba 2023 timu hiyo, Intamba mu Rugamba, iliifunga Gambia 3-2 Dar es Salaam, ikihesabiwa kuwa iko kwao. Waliolalamika walikuwa na haki. Lakini uwanja wa taifa ndipo mchezaji anapofikia. Mimi kwa miaka mingi nimekuwa nikiuliza habari za pale anapoanzia.

Aliyesoma sehemu mbili zilizotangulia anaikumbuka Vital'O ya 1992, iliyofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikatoka sare 1-1 na Africa Sports hapa Bujumbura kabla ya kuchapwa 4-0 Abidjan. Anazikumbuka pia penalti za 1993 dhidi ya Guinea zilizotunyima fainali za Afrika. Mwaka huohuo, tarehe 21 Oktoba, Rais Ndadaye aliuawa, na mpira ukawa jambo dogo kabisa.

Hapo ndipo Kamenge inapoingia, na naomba msomaji anivumilie, kwa sababu habari hii haisimuliwi inavyostahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya vita vilivyofuata mauaji hayo, wamisionari Waksaveri walianzisha hapa Kituo cha Vijana wa Kamenge. Kilikuwa cha vijana wa kartiye zote za kaskazini: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha, Buterere. Kulikuwa na maktaba, kulikuwa na mafunzo, na kulikuwa na viwanja. Kisha vita vikazigawa kartiye hizo. Ngagara na Cibitoke zikabaki na Watutsi, Kamenge na Kinama zikabaki na Wahutu, na kijana aliyekosea njia aliweza kulipa kwa uhai wake. Katikati ya 1995 jeshi liliingia Kamenge, watu wakakimbia, nyumba zikabaki magofu. Katika mji mzima, Buyenzi ya Waswahili ndiyo iliyojulikana kwa kukataa kugawanyika.

Katika hali hiyo kituo kiliendelea kuwaita vijana wa pande zote mbili kucheza pamoja. Fikiri maana yake. Ili timu ikamilike, ilibidi mtoto wa Ngagara amwamini mtoto wa Kamenge, si kwa hotuba, bali kwa kumpa pasi na kukubali kukabwa naye bila kisasi. Mwaka 2002 kituo kilipewa Tuzo ya Right Livelihood ya Sweden, ambayo wengi huiita Nobeli mbadala. Mataifa yalitambua kazi iliyofanyika kwenye vumbi letu. Sisi wenyewe, ni wangapi tunaowafundisha watoto wetu habari hiyo shuleni? Tunawafundisha majina ya waliopigana, na tunawasahau waliokataa kupigana.

Amissi Tambwe ni wa kizazi kilichokulia katika vita hivyo. Alikuwa mtoto mdogo wa Bujumbura vita vilipoanza, akawa mtu mzima nchi ilipokuwa ikijaribu kusimama. Hakwenda Ulaya kama Saido Berahino, wala hakufika fainali ya Ligi ya Mabingwa kama Shabani Nonda, mzaliwa mwingine wa mji huu. Maisha yake ya mpira yamepita katika ligi ambazo dunia haizitazami, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kumwandikia. Mwaka 2013 alikuwa na Vital'O iliyotwaa Kombe la Kagame nchini Sudan. Simba wakamchukua. Msimu wake wa kwanza Tanzania, 2013/14, akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 19.

Desemba 2014 Simba wakaachana naye. Mchezaji mwingine angerudi nyumbani kunung'unika. Tambwe alitoka Msimbazi akaingia Jangwani, akavaa jezi ya Yanga, na kazi ikaendelea. Septemba 2015 aliifunga Simba katika ushindi wa 2-0. Februari 2016 akaifunga tena, 2-0 vilevile. Oktoba 2016 akaifunga kwa mara nyingine, bao ambalo mashabiki wa Simba walidai aliushika mpira, viti vikang'olewa uwanjani kabla Shiza Kichuya hajasawazisha kwa kona. Msimu wa 2015/16 alikuwa mfungaji bora tena, safari hii kwa mabao 21. Hakuwa fundi wa chenga. Alikuwa mtu wa ndani ya kumi na nane, mzuri wa vichwa, anayejua mpira utadondokea wapi kabla beki hajajua. Baadaye alikwenda Fanja ya Oman, na umri ulipokuwa umesogea alirudi Tanzania kuichezea DTB katika Championship, daraja la pili. Mfungaji bora mara mbili alikubali kushuka daraja ili aendelee kufanya kazi anayoijua. Vijana wetu wanaotaka umaarufu kabla ya jasho wangesoma hapo mara mbili.

Sasa narudi kwenye Intwari, kwa ufupi. Uwanja huo hauwezi kusahaulika, kwa kuwa CAF inatubana. Hakuna anayetubana kuhusu viwanja vya kartiye. Kila kipande cha ardhi tambarare kaskazini mwa mji kinatazamwa kama kiwanja cha nyumba au duka, na mpaka ukishawekwa watoto huhamia barabarani, miongoni mwa teksi-pikipiki. Anayejimegea uwanja wa watoto anaiba, hata akiwa na karatasi.

Ninawaomba viongozi wa komini ya Ntahangwa wavipime viwanja vya mpira vilivyosalia Kamenge na Kinama, waviandikishe kuwa mali ya umma, na wayabandike majina yake hadharani kwenye ofisi ya zoni, ili mzazi yeyote aweze kuvitetea.